Mama anasema mtoto wangu kapotea, wenzake wanasema huna mtoto: nani wa kuaminiwa?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Morogoro anayeandika simulizi na kuziuza kipande kipande kwenye magrupu ya WhatsApp. Simulizi yake ya sasa ina mama anaitwa Rehema, yuko Kariakoo na binti yake wa miaka 6, kageuka kulipa hela ya viatu, kugeuka tena mtoto hayupo. Kufika sehemu ya 14 mume wake, mawifi, mpaka majirani wote wanamwambia wewe hujawahi kuwa na mtoto. Dada anauliza: je kisaikolojia inawezekana akili ya mtu ikatunga mtoto mzima ambaye hakuwahi kuwepo? Au ni bora mtoto awepo kweli halafu watu ndo wamegeuza ukweli? Na mama wa namna hiyo anakuwaje hasa, maana wasomaji wanalalamika kwamba Rehema "halii vya kutosha".

Dada yangu, nianze na hilo la machozi maana naona ndo limekukwaza zaidi. Rehema yuko sawa, usimlize kwa ajili ya wasomaji. Saa za mwanzo mama aliyepotelewa na mtoto mara nyingi halii kabisa, anakuwa na kazi nyingi mno, anakimbilia huku anarudi kule, anachungulia chini ya meza za mitumba, anamvuta bega mtoto wa mwenzie kwa sababu tu kavaa gauni la rangi ileile, anapiga simu hata hajui kampigia nani. Mwili umeshamwaga adrenalini na kazi ya hiyo ni kumkimbiza mtu, machozi yanasubiri. Na yakija yanakuja mahali ambapo hakuna aliyetegemea. Nimewahi kukaa na mama ambaye ndugu zake walishaanza kunong'ona huyu vipi mbona mkavu hivi, polisi mkavu, kanisani mkavu, kumbe alikuwa anashikilia tu, siku hiyo kaenda kwa muuza vitumbua wa kila asubuhi, yule dada kwa mazoea akamfungia vinne, viwili vyake na viwili vya mtoto, na akampa kama kawaida. Hapo ndo alikaa chini barabarani na wakashindwa kumnyanyua. Ukitaka kuandika kilio andika cha namna hiyo.

Halafu kuna kitu kingine cha saa hizo za mwanzo ambacho waandishi wengi wanakipita na ndo kitamu kuliko vyote kwa simulizi ya kusisimua. Kumbukumbu. Mama akifika kituoni ataulizwa mtoto kavaa nini. Swali jepesi eti, mama kamvalisha mwenyewe asubuhi. Lakini mama amemvalisha huyu mtoto kila asubuhi kwa miaka, asubuhi zote zimelaliana kichwani, na hofu kali inafanya akili ing'ang'anie kitu kimoja tu (mara nyingi ule mkono aliokuwa ameushika na sasa hajaushika) na vitu vya pembeni vinafutika au vinachanganyika. Kwa hiyo atasema gauni la njano. Baada ya nusu saa atasema hapana, njano ilikuwa jana, leo bluu. Saa ya mtoto kupotea nayo atasema saa sita, muuza viatu aseme ilikuwa saa saba kasoro. Sasa askari anaandika, wifi anasikiliza, na kila mmoja anajiambia moyoni huyu mama kuna kitu anaficha. Hajaficha kitu dada, hivyo ndivyo kumbukumbu ya mtu mzima mwenye afya inavyofanya kazi akiwa kwenye hofu. Maelezo yanayofanana neno kwa neno mara tano ndo yangenitia wasiwasi mimi.

Usiku wa pili na wa tatu ndo mambo yanakuwa mazito. Hajalala, hajala, na anaanza kumsikia. Anasikia "mama" kutoka uani. Anasikia miguu. Kwetu hapo watu watasema kaingiliwa na majini, au akili imeshafyatuka, na mume wa kwenye simulizi yako atapata silaha yake ya kwanza. Lakini kusikia sauti ya mtu uliyempoteza ni jambo la kawaida sana kuliko watu wanavyokubali kusema. Mwaka 1971 daktari mmoja wa Wales, Dewi Rees, alichapisha utafiti wa wajane na wagane 293, karibu nusu yao walisema wamewahi kumwona, kumsikia au kuhisi mwenza wao aliyefariki yupo pale pale, na wengi hawakuwahi kumwambia mtu kwa kuogopa kuonekana machizi. Hao walikuwa wamezika. Mama ambaye hajazika, hajui, na hajalala siku tatu, unategemea nini? Kwa hiyo Rehema amsikie mtoto wake, ni sawa kabisa, ila wewe mwandishi usiitumie kama ushahidi kwamba ni mgonjwa. Waachie wahusika wengine waitumie hivyo.

Sasa swali lako kubwa. Inawezekana akili ikatunga mtoto mzima? Jibu fupi ni ndiyo, ila ni nadra sana. Kuna ugonjwa wa imani potofu, mtu anaendelea na kazi zake, anapika, anauza genge, anahesabu chenji vizuri, lakini kuna jambo moja ameliamini ambalo halipo na hakuna wa kulitoa kichwani. Kisa cha karibu kabisa na simulizi yako kiliandikwa Ufaransa mwaka 1923 na daktari Joseph Capgras na mwenzake Reboul-Lachaux, mgonjwa wao alikuwa mama wa Paris ambaye alishapoteza watoto, na aliamini binti yake aliyebaki kaibiwa na akawekewa mwingine anayefanana naye, tena sio mara moja, kila mara wanambadilishia. Hali hiyo mpaka leo inaitwa kwa jina la huyo daktari, Capgras. Mgonjwa anaona sura ni ileile, kila kitu kilekile, lakini ile joto ya "huyu ni wangu" haiji, basi akili inajitafutia maelezo, inasema huyu ni bandia.

Shikilia hicho kisa kichwani, halafu kiweke pembeni ya hiki kingine.

Los Angeles, Marekani, Machi 10, 1928. Mama anaitwa Christine Collins, kazi yake ni kwenye kampuni ya simu, mume yuko gereza la Folsom, anaishi na mwanae Walter wa miaka 9. Anampa hela ya kwenda sinema. Mtoto harudi. Miezi mitano polisi wanatukanwa na magazeti kwamba wameshindwa, mwezi wa nane ghafla wanatangaza mtoto kapatikana DeKalb, Illinois, analetwa mbele ya waandishi wa habari. Christine anamwangalia anasema huyu sio Walter. Kapteni wa polisi aliyeshika kesi, J.J. Jones, anamwambia mchukue tu ukamjaribu wiki kadhaa. Na mama akamchukua! Hapa ndo watu wengi wanashangaa, inakuwaje mama anajua sio wake halafu anamchukua anaenda naye nyumbani. Lakini fikiria hali yake dada, miezi mitano hajui mwanae yuko wapi, amezungukwa na maafisa na kamera, kila mtu anamwambia watoto hubadilika, amekonda, ameteseka, wewe umechanganyikiwa na furaha. Akajitilia shaka. Akaenda kumjaribu.

Wiki kama tatu baadaye alirudi kwa kapteni na kumbukumbu za meno za Walter na watu waliomjua mwanae wakisema huyu siye. Jibu alilopewa ni kupelekwa wodi ya magonjwa ya akili kwa utaratibu uliokuwa unaitwa Code 12, yaani mtu msumbufu kwa polisi anafungiwa. Wakati yuko ndani yule mtoto akakiri: yeye ni Arthur Hutchins, miaka 12, katoroka kwao Iowa, aliambiwa na mtu mgahawani kwamba anafanana na mtoto aliyepotea, akaona hiyo ndo njia ya kufika Hollywood amwone mwigizaji anayempenda, Tom Mix. Mama akatolewa baada ya siku kama kumi hivi. Alimshtaki kapteni na mwaka 1930 mahakama ikaamuru alipwe dola 10,800, ambazo kapteni hakuwahi kumlipa. Hollywood walikuja kukitolea filamu kisa hiki mwaka 2008.

Unaona sasa? Mama wa Paris kasema "huyu sio mwanangu", alikuwa mgonjwa. Mama wa Los Angeles kasema maneno yaleyale, alikuwa mzima na mkweli. Ukisikiliza sentensi tu huwezi kuwatofautisha, na ukiangalia nani kalia zaidi au nani kapiga kelele zaidi huwezi pia. Mimi ninachoangalia ni shaka. Mgonjwa wa imani potofu hana shaka, ana majibu ya kila kitu, ukimwonyesha ushahidi tofauti atakwambia na huo ushahidi nao umechezewa, na kila anayempinga anaingia kwenye njama. Mama mzima anayemtafuta mtoto wake amejaa shaka mpaka inamwagika: labda nilimwachia mkono mimi, labda kweli ilikuwa saa saba, labda huyu ndo yeye kabadilika, hebu nimchukue nimwangalie vizuri. Christine alijaribu. Alipima. Alienda kutafuta meno. Kwa uzoefu wangu mama anayesema "niangalizieni na nyie, nisije nikawa nimekosea" ndo yule ambaye akili yake iko palepale ilipokuwa.

Na hapohapo ndo pana hatari yake. Mwenye shaka ndo anayevunjika kirahisi, kwa sababu waliomzunguka hawana shaka hata kidogo, na mtu asiye na shaka anaonekana ndo mwenye ukweli. Simulizi yako nzima, dada, ikae kwenye huo mkunjo.

Najua utaniambia lakini moyo wa mama haudanganyi, uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Naelewa, na wasomaji wako watalitaka hilo, watataka Rehema amtambue binti yake kwenye umati kwa kisogo tu. Ngoja nikupe kisa cha tatu. Louisiana, Agosti 1912, mtoto wa miaka 4 anaitwa Bobby Dunbar kapotea wakati familia iko matembezini kwenye ziwa Swayze. Walitafuta kila namna, mpaka mamba walipasuliwa matumbo. Miezi minane baadaye, Aprili 1913, mtoto wa kiume anayefanana na Bobby alikutwa Mississippi na mzee mmoja fundi wa piano wa kuzunguka, William Walters. Mzee akasema huyu ni mtoto wa Julia Anderson, mama ameniachia, jina lake Bruce. Lessie, mama yake Bobby, alipomwona mara ya kwanza magazeti ya wakati ule hayapatani, mengine yanaandika alimtambua palepale na mengine yanaandika alisita, hakuwa na uhakika. Kesho yake akamwogesha, akaona alama mwilini, akasema ndiye. Mji ukalipuka kwa shangwe, akarudishwa nyumbani kwa maandamano.

Julia Anderson naye akaja kutoka North Carolina. Maskini, mfanyakazi wa mashambani, kazaa bila ndoa na magazeti yakahakikisha kila mtu anajua hilo. Wakampangia watoto watano mbele yake wakamwambia haya chagua wako. Akasita. Hajamwona mwanae zaidi ya mwaka, mtoto wa umri ule anabadilika sana, akauliza kama yule ndo wa Walters, wakakataa kumjibu. Siku iliyofuata alipomwona tena bila nguo akasema sasa nina uhakika. Lakini kusita kwa jana ndo kulimhukumu. Wakamwambia mama gani hamjui mwanae. Akarudi kwao mikono mitupu, mtoto akakua kama Bobby Dunbar, akaoa, akazaa, akafariki mwaka 1966 akiitwa jina hilo. Mwaka 2004 familia ikapima DNA, mtoto wa yule aliyeitwa Bobby na mtoto wa mdogo wake Bobby, na vipimo vikaonyesha hawana undugu wa damu, yaani aliyelelewa pale hakuwa Bobby.

Mimi kila nikikisoma hiki kisa kinaniuma upande wa Julia. Mama wote wawili wanaelekea walisita siku ya kwanza. Mmoja kusita kwake kukaitwa mshtuko wa furaha kwa sababu ana mume, ana nyumba, ana jina mjini. Mwingine kusita kuleile kukaitwa ushahidi kwamba ni muongo. Na Lessie wala simlaumu, sidhani alidanganya, nadhani alitamani mpaka macho yakamtii. Ndo maana nasema usijenge simulizi juu ya moyo wa mama kutokukosea. Jenga juu ya nani anaruhusiwa kusita.

Tuje kwa Rehema sasa, maana umeniuliza lipi bora. Mtoto awepo. Ukiandika mwishoni kwamba mtoto hakuwahi kuwepo na yote ilikuwa ni akili ya Rehema utakuwa umewaunga mkono wale waliomfungia Christine, na kisayansi utakuwa umechagua kitu cha nadra ukakifanya ndo maelezo. Lakini nina tatizo na uongo wa mume kwenye sehemu ya 14. "Hujawahi kuwa na mtoto" ni uongo dhaifu mno, hausimami hata siku mbili. Kuna kadi ya kliniki, ile yenye grafu ya uzito. Kuna cheti cha kuzaliwa cha RITA. Kuna daftari la shule ya awali, kuna mwalimu, kuna mama aliyekuwa anamsuka, kuna picha za birthday kwenye simu za watu zaidi ya kumi, kuna mkunga. Na kuna mwili wa Rehema mwenyewe, kama alijifungua kwa upasuaji kovu lipo, na hata kama hakupasuliwa daktari akimpima mara nyingi ataona dalili za mwanamke aliyewahi kuzaa. Mume atachoma vingapi?

Badilisha uongo. Mume aseme mtoto alikuwepo, ila alifariki. "Rehema mke wangu, Nasra alituacha miaka miwili iliyopita, ulikataa kukubali." (Jina la mtoto hukunipa, nimemwita Nasra.) Angalia kinachotokea hapo: karibu kila kitu ambacho Rehema anaweza kuonyesha kuthibitisha kwamba ana mtoto kinakosa nguvu palepale. Kadi ya kliniki, ndiyo, alikuwepo. Picha, ndiyo mpenzi, alikuwa mzuri sana. Kovu, ndiyo. Na kumsikia usiku kunageuka kuwa dalili. Na kila jirani mpya aliyehamia juzijuzi bila kumwona Nasra anaweza kuamini bila kulipwa hata senti. Kaburi lipo la mtoto mwingine wa ukoo. Uongo wa namna hii unamtaka mume awe mtulivu na mwenye huruma, awe anamshikia maji ya kunywa, na msomaji wako ndo ataogopa kwelikweli.

Je Rehema anaweza kufika mahali akaamini? Anaweza kuyumba, na hilo lina msingi. Mwaka 1995 mwanasaikolojia Elizabeth Loftus na mwenzake Pickrell waliwapa watu wazima 24 visa vinne vya utotoni mwao, vitatu vya kweli vilivyotoka kwa ndugu zao na kimoja cha kutunga, kwamba ulipokuwa mdogo ulipotea kwenye jengo la maduka ukalia akakuokota mzee mmoja. Robo yao walikuja "kukumbuka" hicho cha kutunga, kizima au vipande, wengine na kuongezea vitu vyao. Kilichobeba uongo ule ni kwamba umechanganywa na ya kweli na unaonekana umetoka kwa ndugu. Kwa hiyo mume asimpigie kelele. Amkumbushe. Amwambie unakumbuka ile mvua ya siku ya mazishi, shangazi alivyoanguka kwenye tope? Mvua ilikuwepo kweli, siku nyingine. Shangazi alianguka kweli, msiba mwingine. Rehema anabaki anaiona ile tope machoni. Ila usimfanye aamini jumla, kumpandikizia mtu tukio dogo la utotoni ni tofauti na kumfutia mtoto aliyemlea miaka 6, hilo la pili mimi sijaona ushahidi wake. Ayumbe usiku, asubuhi arudi kutafuta.

Na anatafuta vipi? Hapa naomba uwe makini maana wasomaji wako wengine wana ndugu waliopotea kweli. Mtaalamu wa tiba ya familia wa Marekani Pauline Boss alianza miaka ya 1970 kufanya kazi na familia za wanajeshi waliopotea vitani Vietnam, akaeleza hali ya msiba usio na mwisho, mtu hayupo machoni lakini yupo kichwani muda wote, hakuna mwili, hakuna kaburi, hakuna siku ya kusema basi. Kwetu hii inauma kwa namna yake kwa sababu msiba wetu umejengwa juu ya watu kuja, turubai, mkeka, chakula, arobaini. Mtoto aliyepotea haandaliwi matanga. Watu wanakuja siku mbili za kwanza kusaidia kutafuta, halafu hawajui waseme pole ya nini, wanaacha kuja. Ukifanya kisomo cha marehemu umemuua, usipofanya unaitwa mkaidi. Kenya sheria inataka ipite miaka 7 bila habari zozote ndipo mtu achukuliwe kuwa amefariki, na miaka hiyo yote familia ipo katikati.

Mama mmoja niliyemfahamu alikuwa na simu mbili. Moja ya kitochi, laini ya zamani, haipigi popote. Kila mwezi anaiwekea vocha ya mia tano ili laini isifungiwe, kwa sababu ndo namba pekee mtoto wake aliikariri kichwani. Shemeji yake alinijia akiwa na wasiwasi kwamba hii ni dalili ya ugonjwa, tumnyang'anye. Nilimwambia mwache, hiyo simu ina kazi, siku mtoto akipata simu ya kuazima atapiga wapi? Kushikilia tumaini huku unaenda kazini na kulea waliobaki ni afya. Boss mwenyewe anasisitiza mtu wa hali hii aruhusiwe kubeba mawazo mawili kwa pamoja, labda yupo na labda hayupo, bila kulazimishwa kuchagua. Kumlazimisha "akubali" ndo kunakovunja watu. Christine Collins, walipomhukumu mama yake Gordon Northcott, yule muuaji wa watoto, kwa mauaji ya Walter kwenye shamba la kuku la Wineville, California, na mwili wa Walter haujapatikana, yeye aliendelea kutafuta, na alifariki 1964 bila kujua. Sijawahi kumwona kama mgonjwa kwa hilo.

Halafu kama unataka nguvu ya kumtoa Rehema kwenye hii nyumba, usimlete mpelelezi hodari wa kumwokoa. Mletee mama mwingine. Argentina wakati wa utawala wa kijeshi, Aprili 30, 1977, kina mama 14 ambao watoto wao walikuwa wamechukuliwa na hawajulikani walipo walikusanyika uwanja wa Plaza de Mayo, Buenos Aires. Mkusanyiko ulikuwa marufuku, polisi wakawaambia tembeeni msisimame hapa, basi wakatembea, wawiliwawili, wakizunguka mnara. Ikawa kila Alhamisi. Serikali ikawaita vichaa. Ili watambuane kwenye umati wakajifunga kichwani nepi nyeupe za kitambaa, zile ambazo wengine walikuwa wamezitunza tangu watoto wao wachanga. Watatu wa harakati hiyo walitekwa Desemba mwaka huohuo, wakauawa, miili yao ikaja kutambuliwa 2005. Wenzao hawakuacha. Na mabibi wa uwanja ule, wale waliokuwa wanatafuta wajukuu waliozaliwa mama zao wakiwa kizuizini, wamesaidia kuwapata wajukuu zaidi ya 130 kwa vipimo vya damu na vinasaba. Mwanamke mmoja akisema "mwanangu alikuwepo" ni rahisi kumpeleka Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili. Wakisema ishirini kwa pamoja inakuwa kazi. Rehema akikutana pale kituoni na mama mwenzie aliyebeba picha, na yule mama asimuulize kitu chochote cha ushahidi, amuulize tu "wako anaitwa nani", utakuwa umempa kitu ambacho mume hawezi kukichezea.

La mwisho ni ile sehemu ya 3, askari anamwambia Rehema rudi baada ya saa 24. Iondoe, au mwekee mhusika mwingine anayemkatalia palepale. Watu wanaziamini hizi simulizi, na kuna mtu siku moja atakaa nyumbani akisubiri saa 24 kwa sababu aliisoma kwako. Kwa mtoto hakuna kusubiri, unaripoti dakika ileile, unachukua RB (namba ya taarifa yako polisi), unaomba dawati la jinsia na watoto, unampigia mwenyekiti wa mtaa, unapeleka tangazo msikitini na kanisani, unapiga 116 ambayo ni namba ya bure ya mtoto Tanzania na Kenya pia. Ikiwezekana mtu mmoja abaki pale pale mtoto alipoonekana mara ya mwisho maana mtoto anaweza kurudi walipoachana na mama. Namba hiyo iandike chini ya kila kipande utakachotuma, na ukimaliza kuandika upya sehemu ya 14 nitumie niisome kabla hujaipeleka kwenye grupu.